Kwenye katiba ya Marekani, mgambo ni wa nani: wa jimbo, wa rais au wa mwananchi?

KalamuYaMkaa:
Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada kwa yeyote anayeijua historia ya katiba ya Marekani, yaani ile ya mwanzo kabisa, sio kelele za tivii za siku hizi. Kuna ndugu zetu kadhaa walioko kule wanajiandaa na mtihani wa uraia, Kiingereza chao bado kinapanda mlima, nikajitolea kuwatafsiria yale marekebisho kumi ya mwanzo wayasome kwa lugha wanayoiota usiku. La kwanza nilimaliza kwa jioni moja. La pili leo nina siku ya nne.

Sentensi yenyewe ina maneno 27 tu. Mbele inasema mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa "State" iliyo huru, nyuma inasema haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe, basi, imeisha. Sasa hiyo "State" naiandikaje? Nikiandika jimbo, msomaji ataelewa haki hii iliwekwa kulinda Virginia na Massachusetts na wenzao dhidi ya serikali kuu. Nikiandika nchi, majimbo yanafutika kwenye sentensi na wanabaki wananchi na nchi yao. Kwa Kiingereza mtu anapita tu bila kuchagua, Kiswahili kinanilazimisha nichague, na nikishachagua nimeshahukumu kesi ambayo majaji wao wameigombania miaka nenda rudi.

Halafu mgambo wenyewe. Walikuwa askari wa serikali, au watu tu wenye bunduki zao? Mtu mmoja kaniambia waliwekwa ili majimbo yaweze kupigana na serikali kuu ikigeuka kuwa ya kidikteta, mwingine kaniambia hapana, katiba inampa rais hao hao wanamgambo ili azime uasi. Inawezekanaje yote mawili yakawa kwenye karatasi moja? Na hizi "haki za majimbo" kila ninayemuuliza ananipa maana yake. Nisaidieni.

MzeeWaKumbukumbu:
Kalamu, yote mawili yapo kwenye karatasi moja na hakuna aliyekudanganya. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Anza na neno mgambo, maana Kiswahili hapa kimekupa zawadi. Mgambo kabla ya kuwa askari ilikuwa ni mwito, pembe inapulizwa watu wakusanyike, ndo maana wahenga wakasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na hicho ndicho walichokuwa nacho wale watu wa karne ya 18. Hakuna kambi, hakuna mshahara wa mwezi, ni mkulima na fundi viatu na mwenye duka, kengele ikigongwa anatoka na gobore lake. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775 pale Lexington kapteni John Parker alikuwa na watu kama 77 wamejipanga kwenye uwanja wa kijiji, mbele yao wanajeshi wa mfalme wa Uingereza wanapita kwenda Concord kukamata silaha na baruti zilizowekwa huko. Wanamgambo 8 wakafa hapo. Hiyo picha iliwakaa rohoni kizazi kizima: serikali iliyo mbali, yenye jeshi la kudumu, inakuja kuchukua baruti ya wanakijiji.

Ila kuna picha ya pili ambayo watu wanairuka. Massachusetts hiyo hiyo, 1786, vita imeisha, wakulima wengi wao askari wa zamani wanadaiwa kodi na madeni, mahakama zinauza mashamba yao, wakaanza kwenda na bunduki kuzifunga mahakama zisikae. Anayekumbukwa zaidi ni Daniel Shays, alikuwa kapteni kwenye vita ile ile ya uhuru. Tarehe 25 Januari 1787 wakaliendea ghala la silaha la Springfield na waliowasubiri pale ni wanamgambo wa jimbo lao wenyewe chini ya jenerali Shepard, mzinga ukapigwa, wakafa watu 4. Yaani huku watu waliozoea kuitwa na mbiu ya mgambo, kule wanamgambo walioitwa juzi, na serikali ya muungano haina hela wala askari wa kutuma, ikabidi matajiri wa Boston wachange pesa za kulipa jeshi. Miezi minne baadaye mkutano wa katiba unaanza Philadelphia. Wale waliokaa mle ndani walikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, hofu ya 1775 na hofu ya 1787.

Kwa hiyo wakafanya nini? Wakaigawa mbiu. Kongresi, yaani bunge la muungano, ikapewa mamlaka ya kuwaita wanamgambo kwa mambo matatu tu, kutekeleza sheria za muungano, kuzima uasi na kurudisha nyuma wavamizi. Kongresi hiyo hiyo inapanga muundo wao na silaha zao. Lakini kuteua maofisa na kuwafundisha kukabaki kwa majimbo, na rais ni amiri jeshi wao pale tu wanapokuwa wameitwa kwenye utumishi wa taifa. Jimbo nalo likakatazwa kuweka wanajeshi wa kudumu wakati wa amani bila idhini ya Kongresi. Ukisoma vizuri hapo huoni jeshi la majimbo wala jeshi la rais, unaona kamba ambayo kila mmoja kashika ncha yake.

Marekebisho ya pili yalikuja kwa sababu waliokuwa na mashaka waliona ncha ya serikali kuu ni ndefu mno. George Mason kwenye mkutano wa Virginia wa kuamua kama waikubali katiba mpya, Juni 1788, alisema wazi hofu yake: mwenye mamlaka ya kuwapa wanamgambo silaha anaweza pia kuacha kuwapa, akawaacha wachakae, halafu akasema mnaona mgambo haufai, nipeni jeshi la kudumu. James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba hiyo, alikuwa ameshajibu hofu za namna hiyo mapema mwaka huo kwa hesabu, kwamba jeshi kubwa kabisa nchi inaloweza kulilisha haliwezi kuzidi watu 25,000 au 30,000, na mbele yake watasimama wanamgambo karibu nusu milioni wakiongozwa na serikali za majimbo yao. Watu hawakuridhika na hesabu, wakataka maandishi.

BintiSheria:
Asante mzee wangu. Naongezea kwenye hiyo "State" maana hapo kuna kitu wengi hawakijui na kwa mtafsiri ni dhahabu.

Tarehe 8 Juni 1789 Madison alipowasilisha mapendekezo yake ndani ya Baraza la Wawakilishi hakuandika "State". Aliandika "country", nchi, na haki ya watu ndo aliitanguliza, mgambo akaufuatisha nyuma. Kamati ya baraza ndo ikageuza nchi kuwa "State" na kuupeleka mgambo mbele. Na kulikuwa na kipande cha tatu ambacho leo hakipo, kwamba mtu ambaye dini yake inamkataza kushika silaha asilazimishwe kwenda jeshini yeye mwenyewe. Seneti ikakifuta. Lakini kipande hicho kinakuonyesha kilichokuwa kichwani mwao, huwezi kumsamehe mtu kitu ambacho sio wajibu. Kwao kushika silaha ilikuwa haki na ilikuwa pia mzigo, kama kodi.

Kwa hiyo Kalamu ukiandika nchi, unamfuata Madison wa Juni. Ukiandika jimbo unawafuata wanaosema kamati ilibadilisha kwa makusudi. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Heller ya mtu kuwa na bunduki nyumbani, kura 5 kwa 4, jaji Scalia alisema maana yake ni nchi huru, dola inayojitawala, na jaji Stevens akasema hapana, shabaha ilikuwa kuzuia Kongresi isiyavunje majeshi ya mgambo ya majimbo. Majaji wa lugha moja, neno moja.

Na hiyo "well regulated", yaani ule mgambo "uliopangwa vizuri", usije ukaandika "waliodhibitiwa" kama vile wamefungwa kamba. Mkataba wa kwanza wa muungano, ule wa kabla ya katiba, uliagiza kila jimbo liwe na wanamgambo waliopangwa na wenye nidhamu, wenye silaha za kutosha, na kwenye maghala yake jimbo liwe na mizinga na mahema tayari muda wote. Ni kikosi kilichonolewa. Kuna mafunzo, kuna orodha ya majina, kuna ofisa.

KalamuYaMkaa:
Dada umenifungua macho, sikujua kabisa hiyo ya "country". Sasa naelewa kwa nini nimekwama, kumbe wao wenyewe walilibadilisha neno njiani.

Upepo_wa_Kusi:
Jamani mmeeleza vizuri lakini mnapita kando ya kisima bila kuchungulia ndani. Wanamgambo wa Lexington kila mtu anawajua. Wa South Carolina je?

Kule kazi ya mgambo ya wiki hadi wiki haikuwa kumsubiri mfalme wa Uingereza. Ilikuwa doria za usiku, kupita barabarani, kuingia kwenye vibanda vya watumwa kutafuta silaha, kumsimamisha Mweusi yeyote na kumdai cheti cha bwana wake. Jumapili moja ya Septemba 1739 watumwa kama 20 walivunja duka karibu na mto Stono, wakachukua bunduki na baruti, wakaanza kuelekea kusini kwenye Florida ya Wahispania walikoahidiwa uhuru, wengine wakajiunga njiani. Waliowafukuza na kuwaua ni wanamgambo. Hiyo ndo kumbukumbu ya 1775 kwa watu wa kusini, ila wao walikuwa upande mwingine wa bunduki.

Ndo maana Patrick Henry, mwanasiasa wa Virginia, kwenye mkutano ule ule wa Virginia aliopo Mason alisimama akasema, watumwa wakiasi hapa, huo sio uvamizi, kwa hiyo jimbo litakuwa limefungwa mikono mpaka Kongresi iamue. Someni tena hiyo. Alikuwa anadai haki ya jimbo kupiga mbiu yake bila kuuliza, na aliyekuwa anapigiwa mbiu ni mtu aliyetaka uhuru. Na sheria ya mgambo ya Mei 1792 ikamaliza ubishi, wanaoandikishwa ni raia wanaume weupe walio huru, wenye afya, miaka 18 mpaka 45. Kila mmoja ndani ya miezi sita ajinunulie mwenyewe gobore zuri, singe, mawe mawili ya akiba ya kuwashia baruti, shanta, na mkoba wenye risasi zisizopungua 24. Hadi idadi ya risasi iliandikwa, na rangi ya ngozi iliandikwa.

Sasa hizo haki za majimbo. Naomba mtu asiniambie vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 ilikuwa ya kutetea haki za majimbo kabla hajasoma tamko la South Carolina la kujitenga la Desemba 1860. Malalamiko yao makubwa ni kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Yaani walikasirika kwa sababu kaskazini WALITUMIA haki zao za majimbo! Wisconsin mahakama yao ya juu ilisema ile sheria ya 1850 ya kuwasaka watoro ni batili, wakamwachia mtu aliyeshtakiwa kwa kusaidia kumtoa mtumwa mtoro jela ya Milwaukee, na waliokimbilia serikali kuu kutaka nguvu ni wenye watumwa. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya taifa ikaipindua Wisconsin na kusini wakashangilia. Miaka miwili baadaye hao hao wanasema jimbo lina haki ya kujitenga. Na hata baada ya kujitenga, gavana wa Georgia Joseph Brown akageuka kumsumbua rais wao Jefferson Davis, askari hakupi, amri ya kuandikisha watu kwa lazima siitambui, haki za jimbo langu. Mtu akikutajia haki za majimbo muulize kwanza haki ya kumfanya nani nini.

MzeeWaKumbukumbu:
Upepo umesema kweli na nakubali niliruka. Sikupingi hata neno.

Nirudi kwenye kamba kidogo maana Kalamu ameuliza inawezekanaje. Ilijaribiwa mapema sana. 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walikataa kodi ya wiski, rais Washington akaita wanamgambo karibu 13,000 kutoka majimbo manne, akapanda farasi akaenda nao sehemu ya safari. Kwa sheria ya wakati ule hakuruhusiwa kuita kwa neno lake tu, ilibidi jaji athibitishe kwanza kwamba mahakama zimeshindwa, na jaji James Wilson akaandika barua hiyo. Mwaka uliofuata Kongresi ikaondoa sharti la jaji. Jambo dogo, mistari michache ya sheria, lakini ncha ya rais ikarefuka hapo.

Halafu vita ya 1812 dhidi ya Waingereza. Magavana wa Massachusetts na Connecticut waligoma kutoa wanamgambo, wakasema sisi ndio tunaoamua kama uvamizi umetokea au la, na hatuuoni. Na tarehe 13 Oktoba 1812 kwenye mto Niagara pale Queenston ndo utaona katiba ikiwa na mwili. Wenzao wameshavuka wako upande wa Kanada wanapigana, majeruhi wanarudishwa kwa mashua mbele ya macho yao, na wanamgambo wa New York wamesimama ukingoni hawavuki. Walisema mgambo ni wa kufukuza wavamizi, sio wa kuvamia nchi ya mtu. Woga ulikuwepo, siwezi kukataa, lakini hoja yao kisheria haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Walioachwa ng'ambo wakatekwa. Mwaka 1827 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Mott, mwanamgambo wa New York aliyekataa kuitika, ikasema rais peke yake ndiye mwamuzi wa kama hatari ipo. Kwa sheria ile ya 1795 iliyoondoa sharti la jaji ndipo rais Lincoln, tarehe 15 Aprili 1861, siku tatu baada ya Fort Sumter, ngome ya serikali kuu kule South Carolina, kupigwa na waliojitenga, akaita wanamgambo 75,000 kwa miezi mitatu. Gavana wa Kentucky akakataa, na Virginia, Arkansas, Tennessee na North Carolina, ambazo zilikuwa bado zimo kwenye muungano, zikatoka. Mbiu moja ikavunja nyumba.

Jabali:
Nawasoma toka juu. Mi natofautiana na wengi hapa na nitasema kwa heshima.

Mnaongea kana kwamba mwananchi hakuwepo, ni jimbo na serikali kuu tu wanavutana. Katiba inasema haki ya WATU. Neno hilo hilo liko kwenye marekebisho ya kwanza kwenye kukusanyika na la nne kwenye kutopekuliwa, na hakuna anayesema haki ya kukusanyika ni ya gavana. Pennsylvania mwaka 1776, kabla hata ya katiba ya taifa, waliandika kwamba watu wana haki ya kushika silaha kwa ajili ya kujilinda wao wenyewe na dola yao. Wao wenyewe kwanza.

Na huyu ndugu Upepo alivyosimamia habari ya watumwa nami nasimama hapo hapo, ila natoka na jibu lingine. Baada ya vita, 1865, Mississippi walitunga sheria ya kumkataza Mweusi aliyeachiwa huru kuwa na bunduki bila kibali. Aliyetunga ni jimbo, likitumia haki zake za jimbo. Pasaka ya 1873 kule Colfax, Louisiana, Weusi waliokuwa wanalinda jengo la mahakama ya wilaya walizingirwa na kundi la weupe wenye mzinga, jengo likachomwa, waliojisalimisha wakauawa, makumi ya watu. Kesi ikafika juu 1876 na Mahakama ikasema marekebisho ya pili yanaizuia Kongresi tu, mkitaka ulinzi nendeni kwa jimbo lenu. Jimbo lipi? Lile lile? Kwa hiyo ukiandika kwamba haki hii ni ya jimbo, unamwambia mtu wa Colfax kwamba bunduki ya kujilinda ni mali ya yule anayemwinda. Mpaka 2010, kwenye kesi ya McDonald, ndo Mahakama ikasema haki hii inamlinda mtu hata dhidi ya jimbo lake. Miaka 134 toka ile ya 1876.

Upepo_wa_Kusi:
Jabali hapo umenikamata na nakupa haki yako. Bado naamini kwamba 1791 walikuwa wanafikiria mgambo kuliko mtu na bastola yake kitandani, lakini 1868 yalipoidhinishwa marekebisho ya 14, yale yanayolizuia jimbo kumnyang'anya mtu haki zake, hali ilikuwa imebadilika, na waliokuwa wanaomba kulindwa walikuwa watu binafsi wanaopigiwa hodi usiku. Tatizo letu labda ni kusoma 1791 na 1868 kama karatasi moja.

BintiSheria:
Kuna kisa kimoja naomba kiingie humu kwa sababu kinaonyesha mambo yote haya kwa macho.

Mgambo wa zamani ulibadilishwa na sheria ya 1903 ukagawanywa sehemu mbili, waliopangwa, ambao ndio Walinzi wa Taifa wa leo, na wasiopangwa, ambao ni karibu kila mwanaume mwenye afya wa miaka 17 mpaka 45 hata kama hajui. Hao Walinzi wana viapo viwili, kwa jimbo na kwa taifa.

Sasa tarehe 4 Septemba 1957, Little Rock, Arkansas. Mahakama imeamuru Weusi waingie shule ya Central. Gavana Orval Faubus kawapanga Walinzi wa Taifa wa jimbo lake kuizunguka. Elizabeth Eckford ana miaka 15, kwao hakuna simu kwa hiyo hakupata ujumbe kwamba wenzake wanane watakutana waende pamoja, kavaa gauni alilolishona mwenyewe, anatembea peke yake. Anaona askari wanawapisha wanafunzi weupe, anafikiri wako pale kumlinda na yeye. Anapowafikia wanainua bunduki zenye singe kumzibia njia. Nyuma yake umati unapiga kelele. Akatembea mpaka kituo cha basi akakaa kwenye benchi.

Tarehe 24 mwezi huo huo rais Eisenhower akasaini amri, Walinzi wale wale wa Arkansas, kama 10,000, wakatolewa mkononi mwa gavana wakawa wa serikali kuu, na askari wa miamvuli wa divisheni ya 101 wakaletwa. Kesho yake watoto tisa wakaingia. Wale wa miamvuli walipoondoka, waliobaki kuwasindikiza watoto kwenye korido ni Walinzi wa Arkansas. Watu wa jimbo lile lile, wenye sare zile zile. Kilichobadilika ni nani kapuliza pembe.

Na kamba haijaacha kuvutwa. Gavana Perpich wa Minnesota alipinga Walinzi wake kupelekwa mafunzo Amerika ya Kati, na 1990 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakamwambia huwezi kuzuia. Juni 2025 rais Trump kawachukua wa California gavana akiwa hataki, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1965, na gavana akakimbilia mahakamani ndani ya siku chache tu.

Jabali:
Dada hicho kisa kimenikalia. Swali moja tu, na hivi vikundi vya siku hizi vinavyojiita mgambo, vinavaa kombati na kufanya mazoezi porini, vinaingia wapi?

BintiSheria:
Haviingii. Chicago 1879 wafanyakazi wa Kijerumani walikuwa na chama chao cha mazoezi ya kijeshi, Herman Presser akakiongoza barabarani watu kama 400 na bunduki, yeye juu ya farasi na upanga. Akapigwa faini dola 10. Mahakama ya Juu 1886 ikasema jimbo linaweza kukataza watu kujiundia jeshi lao na kuandamana nalo. Hata Heller 2008 haikuigusa hiyo. Mtu anaweza kuwa na bunduki yake nyumbani, ila mgambo haujitangazi wenyewe, unaitwa. Na angalia kwamba hapo tena haki za jimbo zimetumika kinyume na wanaozipigia debe.

KalamuYaMkaa:
Wakuu sijui niwashukuru vipi, nimesoma uzi huu mara tatu. Nimeshaamua. Mwanzoni nilifikiria "dola huru", maana mwaka ule hata Virginia ilijiona dola, neno lingebeba pande zote mbili, lakini nimemsomea mmoja wa hao ndugu kwa simu akaniuliza ni dola ngapi. Nimeliacha. Nimeandika hivi:

"Kwa kuwa mgambo uliofunzwa na kupangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi iliyo huru, haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha isivunjwe."

Na chini yake nimeweka maelezo mistari mitano, kwamba neno lililotafsiriwa nchi linaweza pia kusomeka jimbo, kwamba rasimu ya kwanza ilisema nchi na kamati ikabadilisha, na kwamba mgambo wa wakati ule ulikuwa ni raia weupe tu. Hilo la mwisho Upepo ndo kanilazimisha, na limebaki.

MzeeWaKumbukumbu:
Nzuri sana. Neno moja tu. "Kubeba" mtu anabeba hata gunia. Wao walivyoandika, neno lao lilikuwa na harufu ya vita, mtu aliyeitwa akaitika. Kiswahili tunasema kushika silaha. Anayetaka kusoma kujilinda nyumbani bado atasoma, na anayetaka kusoma jeshini atasoma.

Jabali:
Hapo kwenye kushika naunga mkono, ila "kumiliki" usiiguse, ibaki.

KalamuYaMkaa:
Imebaki. "Kumiliki na kushika silaha", nimebadilisha sasa hivi. Usiku huu naanza la tatu, lile la kukataza askari kulazwa kwenye nyumba za watu wakati wa amani, na baada ya uzi huu nimeshajua ni askari wa nani waliokuwa wanaogopwa.